Saa Mbili za Ganzi

Kila asubuhi kabla ya kahawa, Leora Bloor alimfunga mumewe mkanda. Ulikuwa mkanda mpana wa ngozi, wenye matundu kumi na mawili na kamba ndefu, na ili ukaze ilimbidi Leora aweke goti lake kwenye makalio ya mume na kuvuta kwa mikono miwili, kama afungaye mzigo usije ukamwagika njiani. Enoch alishika ukingo wa meza ya jikoni akatazama ukuta. Hawakuwa na mazoea ya kuzungumza wakati huo. Mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mwenye shingo iliyonenepa kwa kubeba mizigo kichwani tangu ujana wake, huwa hana la kusema mkewe anapomkanyaga nyuma.

"Nimekaza sana?" Leora aliuliza Ijumaa ile.

"Kaza tu. Leo ndiyo leo."

"Leo ni kwa daktari. Mengine baadaye."

"Ya kikosi hayana baadaye, Leora. Silas kasema saa sita, na Silas akisema saa sita hasemi saa sita na robo."

Ulikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 1938, na mto ulikuwa bado umevimba kwa maji ya theluji. Kule bondeni, kiwanda cha Dunmore kilikuwa kinachoma vyombo kwa matanuri ya zamani, yale ya duara yenye shingo ndefu. Sahani na vikombe hupangwa ndani ya makasha ya udongo mgumu, na kila kasha likijaa hubebwa kichwani hadi ndani ya tanuri. Safu za juu hufikiwa kwa ngazi. Kikosi kilikuwa na watu saba, na ukutani palikuwa na misumari saba ya kutundikia kata zao, zile pete za nguo za kuwekea mzigo kichwani. Walilipwa kwa tanuri, wakagawana sawa kwa sawa. Kwa hiyo mmoja akilegea, sita wanabeba makasha yake.

Walikuwa na desturi yao, na mimi sitaicheka, maana imewalisha wengi. Mwenzao akiugua walimbebea matanuri sita bila kunung'unika. La saba sharti apande mwenyewe mbele ya wote, kasha kichwani, hadi safu ya juu kabisa. Asipoweza, msumari wake unapewa mtu mwingine. Ijumaa ile ilikuwa siku ya tanuri la saba la Enoch Bloor.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na jina la kutisha. Pale mfupa wa nyonga unapokutana na uti wa mgongo, upande wa kushoto, palikuwa pamelegea. Siku nyingine alitembea vizuri tu. Siku nyingine aliinama kuokota kijiko, pakafyatuka, akabaki ameinama hivyo hivyo akimwita mkewe. Daktari wa kiwanda alimpapasa, akasema hakuna kilichovunjika, akampa ule mkanda. Kwa mkanda huo Enoch alijikongoja kazini mwaka mzima, mpaka majuma ya karibuni aliposhindwa kabisa. Ukitaka cha uvunguni sharti uiname, husema watu. Enoch hata viatu vyake mwenyewe hakuweza kuvivuta uvunguni, na Leora ndiye aliyemvutia na kumfunga kamba.

Maradhi yasiyovunja mfupa yana aibu yake. Mtu aliyekatwa kidole anakionyesha, wenzake wanamnunulia bia. Enoch angeonyesha nini? Silas Brindley, mnyapara wa kikosi, alimwuliza mbele ya watu kama ule mkanda wa kubania tumbo, kama wa kike, Leora aliuazima kwa nani, maana yeye hajaona mwanamke mnene kiasi hicho mtaani kwao. Watu wakacheka, na Enoch naye akacheka ili asionekane ameumia.

Daktari Wendell Strayer alikuwa na vyumba viwili juu ya duka la viatu, na madaktari wenzake hawakumhesabu kuwa daktari. Alikuwa wa lile kundi linalonyoosha viungo kwa mikono. Lakini alikuwa pia na sindano, na kwa sindano hiyo alikuwa amewafunga wanaume wengi wa mjini ngiri zao bila kuwapasua. Mtu aliingia na ngiri, akachomwa mara kadhaa kwa wiki kadhaa, akarudi kazini. Hilo hata Silas hakulibisha.

Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alimlaza Enoch kifudifudi, akafungua mkanda, akaanza kutafuta kwa kidole gumba, polepole, inchi kwa inchi, huku akiuliza. Hapa? Hapana. Hapa? Kidogo. Halafu kidole kikatua mahali fulani na Enoch akaruka na kutoa neno ambalo Leora hakuwahi kulisikia nyumbani mwake.

"Hapo," daktari alisema kwa furaha. "Samahani, mama. Lakini hapo."

"Daktari wa kiwanda hakupabonyeza hapo," Leora alisema.

"Yeye anatafuta mfupa. Mfupa hauna kosa, mama. Mifupa hii miwili haikupigiliwa misumari. Imefungwa kwa kano. Mume wako amepanda ngazi na mzigo kichwani miaka ishirini na tano, na kano zimevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Kuzikata haiwezekani, na kuzishona pia haiwezekani."

"Sasa?"

Daktari alivuta kiti akaketi. Ilionekana ni jambo alilokuwa amelizungumza peke yake kwa muda mrefu, na sasa amepata wa kumsikiliza. "Watu wanadhani dawa yangu ya ngiri ndiyo inayoziba tundu. Haizibi kitu. Inachokoza tu. Mwili unadhani umejeruhiwa, unaleta mafundi wake, wanajenga kovu, na kovu ndilo linaloziba. Nikajiuliza, kama mwili unaweza kujenga pale tumboni, kwa nini usijenge juu ya kano iliyolegea? Nikiichokoza hapo hapo inapoanzia kwenye mfupa?"

"Na umeshamfanyia nani?" Leora aliuliza.

"Mgongo? Bado. Yeye ndiye wa kwanza."

Enoch, uso wake ukiwa kwenye mto, alisema, "Afadhali umesema mwenyewe."

"Leora," aliongeza, "mwache achome."

Kwanza daktari aliingiza dawa ya ganzi, ili ajue kama mahali ni penyewe. Ganzi ikiyamaliza maumivu, basi hakukosea. Kisha kwa sindano ileile, bila kuitoa, akabadilisha bomba na kuingiza ile dawa ya kuchokoza. Alipomaliza akamwambia ainuke.

Enoch aliinuka. Alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Akainama, akaokota kiatu chake, akakivaa, akafunga kamba mwenyewe. Miezi kumi na minne hakuwa amefunga kamba ya kiatu. Leora aligeukia dirishani kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka.

"Msifurahi," daktari alisema, naye akawa mkali ghafla. "Nisikilizeni wote wawili. Hiyo ni ganzi. Itakaa saa mbili hivi, na itakudanganya, Bwana Bloor. Itakwambia umepona. Sasa hivi kano zako ni dhaifu kuliko jana, na wewe huzisikii. Nenda nyumbani ukalale. Kesho itavimba na utanitukana. Nitukane, lakini usinywe vidonge vya kutuliza, wala usiweke barafu. Huo uvimbe ndio mafundi wenyewe wako kazini. Nitakuja Jumanne. Tutarudia labda mara sita."

"Nitalala," Enoch alisema.

Na wakati anasema, alikusudia hivyo.

Leora alikuwa na ruhusa ya asubuhi tu. Kazi yake ilikuwa kuchora mstari wa dhahabu kwenye kingo za sahani, na sahani za asubuhi zilikuwa zinamngoja. Waliagana kwenye pembe ya barabara. Yeye akashuka kwenda chumba cha wachoraji. Enoch akashika njia ya mlimani kwenda nyumbani.

Walikuwa wamepanga kwamba Leora, saa ya chakula, akamwombe Silas amwongezee Enoch matanuri mawili ya kubebewa kwa ajili ya matibabu. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini Enoch alipopanda hatua thelathini za mlima bila kusikia chochote mgongoni, mpango ule ulianza kumtia haya. Mke wa mtu aende kumwombea mumewe mbele ya wanaume sita, naye mume yuko hivi, mzima, miguu inampeleka yenyewe? Alijua ni ganzi. Alikuwa ameambiwa. Lakini mwili wake ulikuwa unamwambia jambo jingine, na mwili ni wako, daktari ni wa watu. Akageuka akashuka bondeni.

Walikuwa wameshaanza safu ya juu. Silas alikuwa amesimama mlangoni mwa tanuri na saa yake mkononi. "Loh! Bibi harusi amekuja," alisema. "Na mkanda tumeuacha wapi leo?"

Kata ya Enoch ilikuwa kichwani kwa Clyde Furbee, mtu wa ng'ambo ya mto, baba wa watoto wanne, aliyeitwa siku ile ashike nafasi yake asipofika. Furbee aliivua bila kuambiwa, akaipangusa kwa kiganja, akampa.

Alibeba saba. Alipanda ngazi mara saba na kasha kichwani, mikono yote miwili ikiwa kwenye mbao za ngazi kama wanavyopanda wale wanaojua, akaliweka kila kasha mahali pake bila kishindo. Aliposhuka tu, vijana wa ghala wakaanza kupiga makofi. Jesse Tunnicliff, aliyekuwa akipanda nyuma yake, alimpiga begani. Hata Silas alitia saa mfukoni. "Msumari ni wako," alisema. "Furbee, ahsante kwa msaada. Kapumzike."

Furbee alivaa koti lake. Aliwapa wote mkono, mmoja mmoja, mpaka Enoch, akasema anafurahi kumwona mzima. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana Enoch hakuweza kumtazama.

Ganzi ilimwacha akiwa njiani kurudi nyumbani. Alishika uzio, kisha ukuta, kisha uzio mwingine.

Saa ya chakula Leora alikuta tanuri limezibwa na kikosi kimeondoka, hivyo hakumwona Silas. Jioni alimkuta Enoch sakafuni jikoni, ubavu mmoja, uso wa kijivu. Alimvuta hadi kitandani kwa blanketi. "Daktari alisema kesho," alinong'ona. "Mbona imekuja leo?"

"Imewahi," Enoch alisema.

Jumamosi alishindwa kugeuka. Paliumka kama mkate, pakawa pa moto, na maumivu yakashuka mguuni hadi kisiginoni. Hakunywa kidonge. Labda alijipa adhabu. Labda alitumaini kwamba kwa kutii nusu ya maagizo atasamehewa nusu nyingine.

Jumapili baada ya ibada watu wa kikosi walikuja, watatu, wakiwa wamevaa makoti yao ya kanisani. Tunnicliff alileta pai ya tufaha aliyoipika mkewe. Silas alikataa kiti, akasimama ameegemea ubao wa mlango, kofia mkononi.

"Huyu bwana wa sindano amekuua, ndugu yangu," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Ijumaa nimekuona kwa macho yangu. Umebeba saba kama fahali. Jumamosi huwezi kugeuka. Hiyo si sumu hiyo?"

Leora alikuwa anakata pai. Kisu kilisimama.

"Umebeba nini, Enoch?" aliuliza.

"Shemeji hujui?" Tunnicliff alicheka. "Hakukwambia? Alikuja saa tano na nusu, akapanda kama kijana. Tulimpigia makofi!"

Leora aliendelea kukata, akawagawia wageni, kwanza Silas. Enoch alitazama dari.

"Sasa sikiliza," Silas alisema. "Alhamisi ni mkutano wa chama cha wafanyakazi. Mimi nitasimama. Nitasema mwenzetu alithibitisha kazi yake mbele yetu sote, kisha akalemazwa na tapeli. Hilo si ugonjwa wako, ni dhuluma uliyofanyiwa. Msumari utakaa wazi mpaka vuli, na chama kitakusaidia. Na tutapitisha kwamba hakuna mwanachama atakayepanda tena ngazi za huyo Strayer. Hata kwa ngiri."

"Ahsante, Silas," Enoch alisema. Lilikuwa neno dogo tu.

Walipoondoka Leora alifunga mlango akauegemea.

"Alikwambia ulale."

"Najua alichoniambia."

"Nilikuacha pale kwenye pembe ya barabara, nikakugeukia mara mbili. Nilikuona unapanda. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, mume wangu anapanda mlima." Aliuacha mlango akasogea kitandani. "Kwa nini, Enoch?"

"Kwa sababu niliweza! Wewe hujui. Wewe unanifunga viatu tangu mwaka jana, hujui ilivyo kuweza."

Leora aliketi kwenye ukingo wa kitanda, na hilo peke yake lilimfanya Enoch afunge macho kwa maumivu. Ingekuwa vizuri niseme kwamba alimwambia papo hapo akaseme ukweli. Hakumwambia hivyo. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechora mistari ya dhahabu miezi kumi na minne akirudi kupika na kufua na kuinua mtu mzima, na sasa alikuwa anaonyeshwa vuli, miezi sita ya kupumua.

"Basi nyamaza," alisema mwishowe. "Mungu atusamehe. Nyamaza tu."

Jumanne daktari alikuja kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo. Alimpapasa Enoch kwa muda mrefu, na furaha aliyopanda nayo mlimani ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Uvimbe nilitegemea," alisema. "Lakini huu mguu... Huu si uchokozi wa dawa. Hapa pamechanika upya." Alimtazama Enoch. "Ulilala?"

Leora alisimama kwenye jiko, mgongo wake kwao. Sufuria haikuwa na kitu.

"Nililala," Enoch alisema.

Daktari alitoa kijitabu chake, akaandika, akakifunga, akakaa nacho mapajani. "Basi mimi ndiye niliyekosea. Nilidhani kano ni sawa na tumbo. Nashukuru hukunificha, Bwana Bloor. Mtu mwingine angesema hakulala ili kunifariji." Alijaribu kutabasamu. "Nina mama mmoja wa Ijumaa. Dobi. Tangu uzazi wa tatu hawezi kujigeuza kitandani bila kushika chuma. Nyonga zake zinacheza nikizishika hivi. Nilikuwa nimemwahidi. Nitampelekea habari asije."

"Ana umri gani?" Leora aliuliza bila kugeuka.

"Ishirini na sita."

Daktari aliaga. Alisahau glavu zake akarudi kuzichukua, akaomba radhi tena, akaondoka. Walimsikia akiteleza kwenye matope nje na kujizuia kwa uzio wao.

Leora aligeuka. Alikuwa analia waziwazi sasa, bila kujifuta. "Mimi ndiye niliyekwambia unyamaze."

"Ulimi ulikuwa wangu," Enoch alisema.

Alhamisi saa kumi na moja jioni walishuka mlima kwa mwendo wa dakika arobaini, mwendo ambao mtoto huumaliza kwa kumi. Enoch alivaa mkanda, akajishikilia kwa Leora na kwa fimbo ya mopu iliyokatwa. Ukumbi wa chama ulikuwa ghorofani, na ngazi zile alizipanda kwa kukaa, kinyumenyume, ngazi moja baada ya nyingine, watu wakimpita huku wakivua kofia. Hakuna aliyemcheka. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangemcheka.

Silas alisimama akasema kama alivyoahidi, tena kwa ufasaha. Aliposema "amelemazwa," watu walinguruma. Mwenyekiti akauliza kama kuna ndugu mwenye neno kabla ya kupiga kura.

"Ndugu mwenyekiti," Enoch alisema kutoka benchi la nyuma. "Nisamehe, sitasimama."

"Sema ndugu Bloor, kaa hapo hapo."

"Daktari alinitia ganzi. Ndiyo niliyopandia. Aliniambia itakaa saa mbili, na akaniambia nikalale, na kwamba mgongo wangu siku ile ulikuwa mbovu kuliko siku zote. Mke wangu ni shahidi. Mimi nikaja kiwandani. Nilizichana kano mwenyewe, kwa makasha saba. Sindano haina kosa." Akawatazama watu wa kikosi. "Na makofi mliyonipigia... yale makofi mliipigia ganzi."

Kisha Jesse Tunnicliff akasema, polepole, "Nilikuwa chini yako."

"Najua, Jesse."

"Kwenye ngazi. Kasha la ratili hamsini. Mimi nilikuwa chini yako, Enoch, na wewe hukuwa unausikia mgongo wako." Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa mtu anayehesabu watoto wake kichwani. "Na mke wangu akakupikia pai."

Enoch alivua kofia yake akaiweka magotini.

Silas alikuwa mwekundu hadi kwenye masikio. Amesimama mbele ya chama kizima kumtetea mtu, na mtu huyo amemvua nguo. Aliondoa hoja yake ya kwanza. Ya pili akaileta papo hapo: msumari wa Enoch Bloor apewe Clyde Furbee, kuanzia kesho. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kunyanyuka. Mingine ikafuata, wa Tunnicliff ukiwa wa mwisho, na ukashuka haraka. Ile habari ya kuwakataza watu wasiende kwa daktari haikutajwa tena, wala hakuna aliyeandika kwamba imeachwa.

Walingoja watu wote waondoke ndipo waanze kushuka. Leora alikwenda mbele, uso kwake, mikono yake kifuani mwa mume, ili akianguka amwangukie yeye. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Alitaka kumwambia kwamba hajutii, lakini hilo lingekuwa uongo. Alijutia vuli nzima, miezi yake sita. Alichosikia zaidi ya majuto hakikuwa na jina, ila alijua kwamba kesho asubuhi, kabla ya kazi, atapita juu ya duka la viatu na kumwambia daktari ukweli, ili amwite tena yule dobi.

Nyuma yao mlango ulifunguliwa. Walisikia buti za Silas Brindley zikishuka, na Leora akakaza midomo. Alijua kuna neno moja limebaki, maana mnyapara huwa hakosi neno la mwisho.

Silas aliwafikia akasimama ngazi moja juu yao. Alishuka kwa kutanguliza mguu wa kushoto, kisha akauleta wa kulia ukutane nao, kisha tena wa kushoto, na mkono wake wote ulikuwa umelalia kizuizi cha ngazi. Leora aliona. Alikuwa amemfundisha mumewe kushuka hivyohivyo, mwaka jana.

"Huyo bwana," Silas alisema. Alitazama mlango ulioko juu, kisha ule ulioko chini. Sauti yake ilishuka. "Anapotafuta kwa kidole. Anabonyeza wapi? Hapa?" Alishika nyuma ya kiuno chake, chini ya koti. "Au chini zaidi?"



"Tangu lini, Silas?" Enoch aliuliza.

"Tangu yale mafuriko makubwa. Nilihamisha jiko la mama." Alijaribu kucheka. "Unadhani kwa nini nasimama mlangoni na saa? Mnyapara habebi. Ningekuwa nabeba, na mimi mngenivua kata zamani."

Leora alimtazama mtu huyu aliyeuita mkanda wa mumewe nguo ya mwanamke mnene, aliyenyanyua mkono wa kwanza, robo saa tu iliyopita, kuwanyang'anya riziki yao. Hasira ilimpanda. Angeweza kusema jambo, na angekuwa na haki, na Silas asingekuwa na jibu. Lakini aliyaona macho yake. Alikuwa ameyaona macho hayo kila asubuhi miezi kumi na minne, yakitazama ukuta wa jikoni.

"Ni chini zaidi," alisema. "Anapokea watu Jumanne na Ijumaa. Na ukitoka pale, Silas, usipitie kiwandani. Nenda nyumbani ukalale."